Kicheko Juu ya Tanzia

Shoga uko wapi? Pokea simu! Nimejifungia chooni hapa kwenye maonyesho yangu na sitoki.

Unamkumbuka Mama Cherehani, yule fundi wa chini ya ngazi za jengo letu? Nilimchonga kwenye ubao akicheka mbele ya cherehani yake, tepu ya kupimia shingoni, nikaupaka ubao wino na kumchapa juu ya gazeti la zamani kama ninavyowachapa watu wangu wote. Leo nikamwalika aje ajione. Kaja na gauni jipya, kalishona kwa ajili ya leo!

Kafika mbele ya picha, kacheka kidogo. Halafu kasogea karibu, akaanza kusoma gazeti.

Shoga, ni ukurasa wa tanzia. Tanzia ya mumewe! Jina lake lote linasomeka, picha yake ipo, na ile cherehani niliyoichonga imemkalia marehemu usoni.

Wallahi sikuona! Unanijua, mimi magazeti siyasomi. Naangalia tu ukurasa upi una maandishi ya kubanana, yanayopendeza chini ya wino. Na wa tanzia ndio unaobanana kuliko yote!

Bora angenitukana. Kanigeukia taratibu, akaniuliza, "Mwanangu, mbona hapa nacheka?"

Mbona hapa nacheka. Mbele ya watu wote.

Nikamwambia naishusha sasa hivi. Kakataa, kasema mumewe asiguswe. Kavuta kiti, kakaa mbele ya picha, na anasema haondoki mpaka nimfutie kile kicheko tu.

Wino wa chapa haufutiki, shoga. Namwambiaje?