Namna Tulivyomkatia Mama Bima

Chumba cha cherehani,
nyuma ya duka la vifungo,
Jumapili, tarehe tisa.

Mpendwa mdogo wangu Kasuku,

Salamu nyingi zikufikie hapo ulipo, wewe na wifi yangu na huyo bwana mdogo ambaye shangazi yake anamjua kwa picha tu. Hamjambo? Baridi imepungua? Magego ya mtoto yameshatoka, au bado anawakeshesha? Na wewe unakula, au ndiyo unaonja mikate ya watu huko kiwandani mpaka ukirudi nyumbani huna hamu ya kitu? Swali la afya yako mwenyewe nimeliruka makusudi. Nitalirudia mwishoni, na safari hii utanijibu vizuri.

Huku sisi tupo. Cherehani yangu imepata mkanda mpya na sasa haipigi kelele. Barakoa sishoni tena, watu wamezichoka. Kazi niliyonayo ni kupanua nguo, maana janga lilitufungia ndani pamoja na masufuria, na kila mteja anayekuja ananiapia kwamba gauni limesinyaa lenyewe kabatini.

Mama yuko vilevile unavyomjua. Anaamka kabla ya jogoo, anafagia ua wetu na wa jirani, anafua, anapanda kwenye kigoda kufuta vumbi juu ya kabati. Ukimsalimu anakwambia anasukuma siku.

Sasa habari yenyewe. Bima imepatikana. Tafuta mahali ukae, kwa sababu sikusimulii matokeo tu, nataka ujue nilichopitia. Wewe ulisema kwenye simu kwamba ni jambo dogo, dada, ingia ofisi yoyote ukate bima ya safari inayolipia matibabu ya ule ugonjwa, bila hiyo hawampi viza. Jambo dogo. Kweli mwenye shibe hamjui mwenye njaa.

Ofisi ya kwanza tulipokewa na bwana mwenye tai na meno mazuri. Bima yake ilikuwa inalipia mizigo ikipotea, ndege ikichelewa, Mama akiteleza kwenye barafu akavunjika nyonga, hata akiumwa na mbwa wa mtu. Nikauliza, je, akiugua ule ugonjwa? Bwana akafungua ukurasa wa mwisho, kwenye maandishi madogo kuliko tundu la sindano, akanionyesha kwamba magonjwa ya janga hayamo. Mama akauliza itakuwaje iwapo huyo mbwa ndiye atakayekuwa nao. Bwana akasema hilo itabidi aulize makao makuu. Mpaka leo hajatujibu.

Ofisi ya pili walikuwa na bima ya janga, lakini mwisho wao ni miaka sabini, na Mama ameshaupita huo mstari. Nilibembeleza mpaka nikaishiwa maneno. Walichotupa ni kalenda ya ukutani, na Mama alifurahi nayo sana, akasema angalau hatukutoka mikono mitupu.

Ya tatu ndiko tulikompata mwanamke ambaye humu nyumbani sasa tunamwita Mama Bima. Yeye alikuwa na kila kitu: hospitali, oksijeni, hata hoteli ya karantini, na umri hakuujali. Sharti lake lilikuwa moja tu, kwamba ampigie simu msafiri mwenyewe amuulize maswali machache ya afya. Nikashangilia. Nilisahau tunamzungumzia nani.

Maana Mama tangu tukiwa wadogo hajawahi kukiri kwamba ni mzima. Kwake yeye kusema hivyo ni kujitapa, tena ni kuyachokoza maradhi yaliyokuwa yanajipitia njia yao kwa amani. Mtu mwenye adabu akiulizwa hali husema yupo yupo, anajikongoja, leo afadhali kidogo. Wewe na mimi tumekua tukiyasikia hayo kila asubuhi, hata tukaacha kuyasikiliza. Mama Bima ndiyo kwanza anayasikia, na kazi yake ni kuandika.

Simu ilipoita niliweka spika juu ya meza ya kukatia nguo. Akaulizwa kama ana matatizo ya moyo. Mama akashusha pumzi ndefu. "Moyo huu, mwanangu, umebeba mengi." Kifua je? "Kipo, tunakiombea." Presha? "Inategemea nani amepiga simu." Sukari? "Nimepunguza, siku hizi vijiko viwili." Mimi huku namkonyeza, namfinya, nimefika mpaka kumwonyesha mkasi. Mwisho Mama Bima, kwa sauti iliyojaa huruma, akauliza kama amewahi kuzimia. Mama akasema, "Bado."

Kesho yake jibu likaja kwamba wanasikitika. Mteja ana magonjwa sugu manne na anatarajia wa tano.

Nikampeleka kwa daktari ili tupate cheti cha kuwakanushia. Daktari alimpima moyo, mapafu, damu, mkojo, akamwinamisha na kumwinua, akamuuliza ni dawa gani anazotumia. Hakuna. Akanigeukia akaniambia kwamba ni mara chache kumwona mtu wa umri huu mwenye mwili mzima hivi. Kisha akaniona nahema kwa ile ngazi tuliyopanda, akanifunga na mimi ile mashine inayobana mkono. Mdogo wangu, mwenye presha ni mimi. Mama alirudi nyumbani mbele yangu, amenibebea mkoba, kila hatua chache akigeuka kunipa pole. Sasa kila asubuhi nameza kidonge, naye ananisimamia kama mlinzi wa gereza.

Basi tukaenda na cheti ofisini kwa Mama Bima, Alhamisi. Ijumaa asubuhi ndiyo ilikuwa miadi ya viza, na tiketi uliyonunua haibadilishwi, hivyo ikishindikana siku ile Mama haji, na mtoto atatimiza miaka miwili bila kupakatwa na bibi yake. Mama Bima alisoma cheti, akafurahi kwa dhati. Akasema limebaki neno moja. Kwa kuwa majibu ya kwanza yalirekodiwa, kampuni inataka msafiri aseme kwa kinywa chake, mashine ikiwa inarekodi, kwamba kwa kadiri anavyojijua yeye ni mzima.

Maneno matatu tu, Kasuku. Mimi ni mzima. Njia nzima nilikuwa nimemfundisha ajibu hivyo akiulizwa lolote.

Mashine ikawashwa. Mama akasema, "Tunaendelea." Mama Bima akaanza upya. Mama akasema, "Leo nimeamka nimeamka." Mara ya tatu akasema, "Labda wewe, mwanangu, naona hicho kikohozi hujakitafutia dawa." Mama Bima akaizima mashine, akajifuta jasho.

Hapo nikapandwa na hasira, na presha yangu unaijua sasa. Nikamwambia neno moja halitamuua. Nikamwambia mwanao mwenyewe wakati ule wa janga kila ukimpigia alikuwa anakujibu mzima kabisa, na mbona yupo.

Mama aligeuza kiti. Alipoongea hakuongea na mimi, aliongea na Mama Bima. Akamwambia ana mtoto wa kiume ambaye alianza kuongea mapema na hakunyamaza tena, hata akaitwa Kasuku. Huyo ukimuuliza hali anaanzia kidole cha mguu, anakupandisha mpaka utosini, na chai inapoa. "Lakini kule mwanzoni mwa janga kuna kipindi kila nikimpigia alinijibu maneno mawili tu. Mzima kabisa. Halafu anakata. Nikajua mwanangu yuko kitandani. Na huyu dada yake akaniambia nina wasiwasi wa kizee. Neno hilo nalijua lina nini ndani, ndiyo maana halinitoki."

Ni kweli nilimwambia hivyo. Na nilikuwa ningali naamini hivyo wakati natoka kwenda kwenye korido kumpigia wifi, ili anisaidie kuuvunja huo wasiwasi. Nilimuuliza moja kwa moja. Akaanza kulia.

Usimgombeze. Aliniambia ulikuwa kwenye oksijeni, na wao hawakuruhusiwa kuingia kukuona. Aliniambia kwamba maneno mawili hukuyachagua, ni kwamba pumzi uliyokuwa nayo ilitosha mawili. Mimi siku zile nilikuwa nakulaumu kwamba ughaibuni kumekufundisha maringo. Nilikaa kwenye ngazi ya ofisi ya watu nikalia mpaka mlinzi akaniletea maji. Ungekuwa karibu ningekuzaba kofi kwanza, halafu nikukumbatie, halafu nikuzabe jingine.

Niliporudi ndani Mama Bima alikuwa anapanga karatasi ambazo zilikuwa zimeshapangwa. Nikamwambia Mama ni kweli. Akaitikia kwa kichwa tu, kama aliyeambiwa nje kuna mawingu. Kisha akamuuliza Mama Bima kama bima hii italipia oksijeni. Italipia. Na mwanangu akiugua tena? Hapana mama, hii ni ya msafiri peke yake.

"Basi huyo nitamwangalia mwenyewe," akasema. "Washa."

Akakaa wima, akashika ukingo wa meza. "Mimi ni mzima," akasema. "Mzima kabisa." Alilisema kwa sauti hata watu wa ofisi ya jirani wakachungulia. Halafu akakohoa mara moja, ili mambo yalingane, lakini Mama Bima alikuwa ameshaizima mashine, na nadhani aliiwahi kusudi.

Njia yote alitembea akipapasa ukuta, anasubiri maradhi yaje kudai chao. Siku ile hakufagia. Alijilaza, akaniita anionyeshe ulipo ufunguo wa sanduku ambao yeye ndiye aliyeuficha. Lakini jana asubuhi nilimsikia analalamika goti kwa nguvu zake zote, huku anahamisha kabati peke yake, nikajua amerudi katika hali yake.

Viza amepewa, anafika Jumamosi ijayo. Barua hii naituma kwa njia ya haraka ikuwahi kabla yake. Mzigo wake ni mkubwa na sehemu kubwa ni nguo za mtoto nilizoshona kwa kukisia kimo, hivyo zikiwa ndefu mzikunje. Kalenda nayo anakuja nayo.

Sasa lile swali. Ukimpokea uwanjani atakuuliza hujambo. Ole wako umjibu maneno mawili. Teksi isubiri, mizigo isubiri, watu wawapite. Anzia kidole cha mguu, umpandishe mpaka utosini, na mapafuni usiparuke. Alivuka mwiko wake wa miaka yote ili aje kusikia hilo. Na mimi uniandikie vilevile, kurasa nyingi, hata kama nitasema unanichosha.

Msalimie wifi, mwambie simdai neno. Mbusu bwana mdogo kwenye shavu lile lenye kishimo. Mjomba Redio anakusalimu, na jirani anayefagiliwa ua naye anauliza Mama atakaa huko muda gani. Mungu awape pumzi ndefu nyote, ya kutosha maneno mengi.

Wako akupendaye, ambaye leo afadhali kidogo,

Dada yako, Fundi.