Dakika Niliyosimama Mlangoni

Mfaranyaki,
Songea.
16 Julai 2025

Mpendwa wifi yangu Skolastika,

Shikamoo wifi. Habari za huko Ukerewe, na mguu unaendeleaje? Aidan aliniambia plasta haitoki mpaka mwisho wa mwezi. Ninavyokujua, utakuwa umeshaanza kurukaruka nayo jikoni ukidai hakuna mwingine anayejua kupika. Kaa chini, tafadhali. Huku watoto hawajambo, na baridi ya mwaka huu imekuja na hasira, tunalala na masweta. Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio haujatulia, na ndiyo sababu ya barua hii.

Nitangulize hili usije ukaruka mistari ukilitafuta: mpaka saa nne hii ya asubuhi ninapoandika kwenye benchi nje ya wodi, Baba yu hai. Juzi jioni alifumbua macho. Ila hajasema neno, na daktari hajatuahidi kitu. Anasema ubongo wake ulikosa damu kwa muda, tusubiri tuone akili imerudi kiasi gani.

Jumamosi kwenye simu nilikuambia tu kwamba Baba ameanguka, moyo ukasimama, tukaushtua ukarudi. Ni kweli yote, lakini nilikatisha kwa sababu nyumba ilikuwa imejaa masikio. Kuna jambo sikulisema. Jirani yetu mwalimu anapanda basi kesho kwenda Mwanza, naye amekubali kuibeba barua hii na kukutafutia mtu wa kukuletea. Kwa hiyo nakuandikia yote, kisha utaamua mwenyewe kama bado mimi ni wifi yako.

Jumamosi tulikwenda Mpitimbi kwa Baba na Mama kupukuchua mahindi. Nilikuwa na mapumziko ya siku mbili. Unaijua kazi yangu, miaka sita sasa nakaa nyuma ya gari la wagonjwa na mkoba wa dharura, nawafuata watu kule walikoangukia. Katika yote ninayokutana nayo, moyo nauogopa kuliko ajali ya bodaboda. Ajali unaiona. Moyo unajificha kwenye maneno madogo. Mtu anasema ni kiungulia, anasema nimelala vibaya, na saa moja baadaye mnamfunika shuka.

Basi saa tatu ya asubuhi, sisi wote tumejitanda khanga juu ya masweta, nikamwona Baba anafuta jasho usoni kwa kofia yake. Alikuwa amekaa kwenye kigoda pembeni ya rundo la mahindi, ngumi ameiweka katikati ya kifua, midomo imepauka. Angekuwa mtu mwingine yeyote ningekuwa nimeshamfikia, nimeshamshika mkono, nimeshamuuliza.

Lakini ni Baba. Heshima ya nyumba yenu unaijua kuliko mimi. Miaka kumi na moja tangu nilipoolewa sijawahi kumpa Baba mkono. Nampigia magoti kwa mbali, chakula chake anakipeleka Mama, na nikiwa na neno naye linapitia kwa Aidan. Chumba chao sijui hata kitanda kimeelekea wapi. Sikuwahi kulalamika. Nilikuwa naona ni raha, maana mzee asiyesema na wewe hawezi kukugombeza.

Nikamwita Aidan. "Muulize Baba maumivu yako wapi na yanakwenda wapi."

Akaenda, akainama, wakanong'onezana, akarudi. "Anasema kiungulia. Ni yale maharage ya jana."

Nikamrudisha. Muulize mkono wa kushoto, muulize taya, muulize kama pumzi inatosha. Akakaa huko kidogo, akarudi. "Anasema acheni mambo yenu, pukuchueni mahindi." Wakati huo Mama alikuwa anamkorogea magadi kwenye kikombe.

Nilikuja kuujua ukweli Jumapili kwenye benchi la hospitali, nikiwasikia Mama na Aidan wakizungumza wao kwa wao. Tangu alfajiri Baba alimwambia Mama kwamba taya linamvuta. Na kwa Aidan alisema mkono wa kushoto ni mzito, hauna nguvu hata ya kushika gunzi. Mama aliona si vizuri kumweleza mkwe habari za mwili wa mume wake. Aidan naye aliona haya kunieleza mwili wa baba yake. Kila mmoja alishika kipande chake kwa heshima kabisa, na mimi niliyejua vipande hivyo vikikaa pamoja vina maana gani, sikupewa hata kimoja.

Lakini sitaki kuwasukumia wao. Jasho lile kwenye baridi ile lilinitosha. Mgeni asiye na jina, wa kule stendi, kwa jasho lile tu ningemwitia gari. Kwa Baba nilikaa karibu nusu saa napukuchua mahindi na kumwangalia kwa pembe ya jicho, naogopa kuonekana najifanya daktari mbele ya wakwe. Hilo ndilo kosa langu la kwanza.

Mwishowe nikampigia Abdulhamid, dereva wetu, yule Myao wa Tunduru niliyekusimulia, asiyemaliza sentensi bila utani. Siku hiyo hakutania. Alikuwa amemrudisha mgonjwa kijiji cha jirani. "Dada, usimwache atembee. Robo saa nitakuwa hapo, inshallah."

Nikatoa kidonge cha aspirini mkobani, maana hata mapumzikoni natembea na mkoba wangu, nikampa Mama. Baba atafune, asimeze kizima, aegemee ukuta, asinyanyuke kwa lolote. Akatafuna huku amekunja uso. Ila aliposikia gari la hospitali linakuja, akasimama. Yeye Mzee Egidi hawezi kutoka nyumbani kwake na suruali ya shambani.

"Aidan, mkalishe!" nilipiga kelele.

"Baba, kaa," Aidan akasema, kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi kwa jirani. Unamjua kaka yako. Baba akampita, akaingia ndani kubadilisha nguo. Hazikupita dakika mbili tukasikia kishindo chumbani.

Aidan alitangulia. Mama nyuma yake, mimi nyuma ya Mama. Baba alikuwa chali kando ya kitanda, suruali safi ameivaa mguu mmoja. "Anapumua!" Aidan akapaza sauti. "Anakoroma, anapumua!"

Hakuwa anapumua, wifi. Mdomo ulifunguka, ukavuta hewa kwa mkoromo, ukafunga, kimya kirefu, kisha tena. Watu wengi hudanganywa na mkoromo ule wakakaa kusubiri mtu aamke. Ni mwili unaohangaika baada ya moyo kusimama. Hayo nawafundisha wengine kwenye semina, nikiwa nimeshika chaki.

Nikafika kwenye kizingiti. Mama akanyoosha mkono mbele yangu. "Mwanangu, humu huingii." Hakusema kwa ubaya. Ilimtoka tu, kama ambavyo ingenitoka mimi.

Na mimi nikatii. Nikasimama pale, nikaanza kumwelekeza Aidan kutoka mlangoni. Viganja katikati ya kifua, nyoosha mikono, kandamiza kwa nguvu, haraka haraka. Akakandamiza kama mtu anayejaribu embe kama limeiva. "Zaidi!" Akasema, "Nitamvunja." Akaacha, akamtikisa bega, akamwita. Nikapiga kelele tena, akaanza tena, mikono ikateleza tumboni. Niliitazama saa yangu kwa mazoea ya kazi, tangu kishindo mpaka pale. Dakika moja na sekunde arobaini. Hiyo ndiyo dakika ambayo sikukuambia. Mtu pekee katika nyumba ile aliyejua cha kufanya alikuwa amesimama wima mlangoni, mikono mitupu, anaona haya.

Sijui miguu ilianza lini. Nilimsukuma Mama. Naandika wazi ili usilisikie kwa wengine: nilimsukuma mama mkwe wangu kwa bega, nikaingia, nikamwondoa Aidan, nikampasua Baba shati, vifungo vikaruka mpaka uvunguni. Sikuomba radhi. Nikaanza kukandamiza na kuhesabu kwa sauti, thelathini, kisha pumzi mbili. Kifaa changu cha kupulizia kilikuwa nje, mkobani, katikati ya mahindi. Nikaweka mdomo wangu juu ya mdomo wa baba mkwe wangu nikapuliza. Mama alijifunika uso kwa khanga. Nikakandamiza tena, nikasikia ubavu unaalika chini ya kiganja, nikaendelea.

Mikono ilipochoka nikamwambia Aidan, umeona sasa, njoo. Safari hii alikandamiza kweli, machozi yanamdondokea Baba kifuani, na mimi nahesabu. Tukapokezana hivyo mpaka nikasikia gari. Nakuambia, sijawahi kuupenda mlio wa breki mbovu kama siku ile.

Abdulhamid aliingia na mashine ya kushtulia moyo, hakuuliza chumba ni cha nani. "Bismillahi," akapiga magoti upande wa pili. Nikakausha jasho kifuani, nikabandika vibandiko, mashine ikapima, ikatuambia tusimguse. Mshtuko wa kwanza haukuleta kitu. Tukakandamiza dakika mbili nyingine, na hizo zilikuwa ndefu kuliko miaka yangu yote ya kazi. Mshtuko wa pili. Nikaweka vidole shingoni. Ukapiga. Ukapiga tena. Abdulhamid alisema Alhamdulillahi.

Hospitali daktari aliuliza alikaa muda gani bila kukandamizwa. Aidan akajibu upesi, "Hakukaa, tulianza pale pale." Nikasema, "Kwa dakika moja na sekunde arobaini hakukandamizwa sawasawa. Nilikuwa mlangoni." Daktari akaandika. Aidan hakusema na mimi mpaka jana.

Shangazi Oliva naye amekwishasema mbele ya watu kwamba nimemvua Baba nguo chumbani kwake. Ulimi ulinicheza, lakini nilinyamaza, kwa sababu aibu inayonila mimi ni nyingine. Wao wananilaumu kwa kuingia. Mimi najilaumu kwa kuchelewa kuingia. Nikimtazama Baba amefumbua macho na hasemi, najiuliza ni kipi ndani yake kilichopotea kwenye dakika ile, jina lako, au la Mama, au

Wananiita wodini. Ngoja.

Ni saa kumi na moja jioni. Naandika haraka, utanisamehe mwandiko.

Nilikwenda nikasimama mlangoni mwa wodi kama siku zote, Mama na Aidan wakiwa kando ya kitanda. Baba alikuwa anahangaika na shuka. Aidan akainama amsikilize, sikio mdomoni. Baba akatikisa kichwa, akamsogeza kwa mkono, akatutazama mmoja mmoja mpaka akanipata.

"Emerensiana," akasema. Sauti ilikuwa kavu, ya kukwaruza. "Njoo wewe."

Mama akasogeza kiti chake kunipisha. Nikaenda. Baba akanishika mkono, yeye mwenyewe, akauweka kwenye taya lake, akauteremsha mpaka kwenye mkono wake wa kushoto. "Hapa. Na hapa. Kimeanza tena, tangu uji."

Nilimwita muuguzi kwa sauti iliyofanya wodi nzima igeuke. Wakapima umeme wa moyo pale pale, daktari akaja mbio, mshipa ulikuwa umeanza kuziba tena. Wamempa dawa, maumivu yametulia, presha imekaa. Ijumaa tunampeleka Dar es Salaam akafunguliwe mshipa, na mimi ndiye nitakayekaa naye nyuma ya gari. Daktari amesema kama angenyamaza mpaka usiku, tungekuwa tunazungumza mengine.

Na akili yake ni nzima, wifi. Mtu anayekumbuka kwamba kimeanza tangu uji, akili yake ni nzima. Nililia mbele yake, jambo ambalo nalo halifanyiki.

Alipopata nafuu nilimwambia. Nilimweleza ile dakika yote, kwamba nilisimama mlangoni na huku najua. Alifumba macho. Kisha akasema, "Ungeingia kabla sijaanguka, ningekufukuza." Sijui kama huo ni msamaha. Ila ni kweli, na yeye anajua ni kweli, na nadhani nitaweza kuishi na neno hilo. Lako bado nalingoja.

Msalimie sana shemeji Remmy, mwambie asikuruhusu kuchota maji. Wabusu watoto. Mama na Aidan wanakusalimu. Shangazi Oliva sijamuuliza. Mungu akuponye mguu, na atusafirishe na Baba salama, atufikishe akiwa anapumua.

Jambo moja, na hili nakusihi. Ukishaisoma barua hii ukapiga simu, usimuulize Aidan Baba anaendeleaje. Atakuambia anaendelea vizuri. Mwambie ampe Baba simu, umuulize mwenyewe wapi kunauma, na usikubali jibu la kwanza.

Ni mimi wifi yako, nakupenda hata kama utanikasirikia,

Emerensiana