Medali Mbili Zisizo Kwenye Dosie

Mama Élyse,

Maharage yako jikoni, ongeza chumvi tu. Nimeenda Mbarara, kule Kakoba. Usikasirike kwamba sikukungoja, ungenikataza.

Ulipokwenda bombani, mtu alinipigia simu. Alisema dosie yangu, lile faili la jeshi, itarekebishwa leo, zile medali zangu mbili ziandikwe, ila nizilete mwenyewe. “Njoo peke yako, Sajini,” akasema. Halafu akauliza kama mlango wetu wa mabati bado unakwama. Katika barua zangu zote za kuomba dosie irekebishwe, sijaandika tunakaa fasi gani.

Najua utakachosema. Lakini mule ndani ya dosie wameandika nilitoroka vitani, na siku ile nilibeba majeruhi watatu mgongoni, mmoja mmoja, mpaka kwenye gari. Sitaki Élyse akue akisoma kwamba baba yake ni mwoga.

~~Nitarudi saa kumi.~~

Giza likiingia sijafika, mchukue mtoto mwende kwa dada yako Pascasie, kule Base Camp, karibu na ofisi za wakimbizi. Msilale hapa. Na akija mtu akisema nimemtuma, usimfungulie. Sijamtuma mtu.

Baba Élyse