Mpira wa Katikati Ulikuwa Wangu

Mpendwa Baba Mdogo,

Shikamoo. Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote, hata mama. Ule mpira wa mwisho, uliotufanya tushindwe kule Mikumi, ulikuwa wangu.

Watu walisema Mama Zuhura, mwenzangu uwanjani, ameishiwa mbio. Nawe ukamwambia apumzike kwanza. Akaviringisha raketi yake kwenye khanga, akaondoka. Nikamwacha abebe lawama yangu.

Miaka yote uliyocheza tenisi ya wawili wawili huko ughaibuni, kabla hujarudi Kilosa kutufundisha kwenye kiwanja cha zamani cha shamba la mkonge, wewe na mwenzako hamkuwa na lugha moja. Mlikuwa na maneno mawili tu ya kugawana mpira, "wangu" na "wako", kila mtu kwa lugha ya kwao. "Na hatukugombana hata siku moja," ulitamba. Ukatupigisha kelele mpaka mbuzi wa jirani wakatimka. Sauti yangu ukasema ni ya mtu anayeomba chumvi.

Siku ile mpira ulikuja katikati, upande wa mkono wangu. Mdomo nilifungua, kweli. Lakini Mama Zuhura ni nesi, ndiye aliyenipokea nilipozaliwa, na asubuhi hiyo getini nilimwamkia kwa mikono miwili. Nimkemee "Wangu!" mbele za watu? Nikatafuta neno la Kiingereza cha shuleni, ambacho huwa hakina haya sana, nalo likagoma. Tukaangaliana. Mpira ukapita.

Tangu uhamie Arusha kufundisha, barua hii nimeianza mara tatu, kila mara naificha ndani ya daftari la Bayolojia.

Hapo niliacha kidogo, Baba Mdogo. Nilisikia hatua zikija mlangoni, na mwendo ule naujua. Mkono ukakimbilia daftari. Halafu nikauacha ukurasa mezani.

Mama Zuhura aliusoma amesimama. Nilitamani ardhi inimeze.

"We mtoto! Shikamoo si tulishamaliza getini? Kule ndani ungenikemea tu!" Akacheka mpaka akakaa. Kisha akajifuta macho. "Na mimi siku zote hizi najua miguu yangu ndiyo imekwisha."

Nikamwomba radhi. Akasema kesho saa kumi jioni, kiwanjani, nije na sauti.

Nimepumua, Baba Mdogo. Hata kwa simu, usimwambie tena apumzike. Tukishindwa tena, na tushindwe kwa kelele.

Mwanao,
binti wa kaka yako