Mume Wangu Anapimwa Sukari kwa Kidole Changu

Bi Muzdalifa, shikamoo, nisaidie, maana jambo hili nimejitia mwenyewe na sasa sijui pa kutokea. Mimi ni Mzanzibari, naishi Guangzhou na mume wangu Mwadini, tunasafirisha mizigo kutoka jengo la biashara la Tianxiu, yeye ana kisukari na ana bima ya afya ya mji kupitia kampuni, mimi sina, na mwaka huu zahanati ya mtaani imeambiwa bima haitailipa tena kwa wingi wa dawa bali kwa jinsi wagonjwa wake wanavyopata nafuu, basi nesi wetu, Bi Chen, akawa hatupumzishi, kila asubuhi anataka picha ya kipimo kwenye simu, na Mwadini, ambaye chai ya maziwa yenye sukari ya duka la hapo chini haimpiti, akaniambia, "Fathiya, niazime kidole, huyu mama asije akakosa bonasi yake bure," nikampa, nikaona ni mzaha, namba zikatoka nzuri, Bi Chen akafurahi, akabandika picha ya Mwadini ukutani kama mgonjwa wa mfano, na daktari kuona namba zile akampunguzia dawa! Juzi alikwenda soko la Shiling kununua mikoba, kiatu kikamchubua mguu wala hakusikia, leo kidole cha mguu kinaanza kuwa cheusi, naye ananiambia ni vumbi. Nikisema nitamwaibisha, nikinyamaza naogopa. Nifanyeje?

Fathiya

Marahaba, mwanangu. Kidole cheusi hakingoji gazeti, ndiyo maana nilikupigia simu nilipomaliza tu kusoma. Aliipokea mumeo.

"Mama, mimi mzima. Namba zangu si nzuri?"

"Nzuri sana, baba, ila ni za mkeo."

Akauliza polepole kama atakatwa mguu.

Mkaenda zahanati. Umenieleza kuwa Bi Chen alimpima mwenyewe, akakaa chini, akauliza damu ile ilikuwa ya nani, nawe ukainua mkono. Yaani zahanati nzima imesifiwa kwa kukuponya wewe, usiyeumwa na usiye na bima! Mshukuruni Mungu, kidole kimesafishwa, dawa zimerudishwa, na daktari ana matumaini.

Nakuhurumia, lakini lazima nikugombeze. Ulidhani unamsitiri mume, kumbe ulikuwa unamficha kwa daktari. Kuanzia sasa apimwe zahanati, mbele ya nesi, wewe mikono mfukoni. Miguu yake ikagueni kila siku kabla hajavaa viatu. Chai aagize isiyo na sukari, akinuna mwache anune. Na leo hii nendeni wote wawili mkamwombe radhi Bi Chen, ana kwa ana. Kazi yake mmeiharibu ninyi, na bado ndiye aliyepiga magoti akamfunga bandeji.