Wimbo wa Getini

Nyeri, shule ya wasichana

Dada yangu Nekesa,

Nakusalimu kwa jina la Bwana wetu. Mgongo umepona? Na mama, bado anakohoa? Mimi mwili ni mzima, ni baridi tu ya huu mlima inaingia mpaka kwa mifupa. Moyo ndio mgonjwa, na hapa sina wa kumwambia.

Nilikuandikia juu ya Wachira, dereva wa lori la shule aliyefiwa na mke. Miaka hii yote namwekea chai kabla hajawasha gari, na kanisani tunashika kitabu kimoja cha nyimbo. Nilidhani Mungu anapika kitu polepole.

Jirani yangu ni Bi Wangari, mwalimu wa Kiingereza aliyeshika nafasi ya yule Mzungu baada ya Uhuru. Jioni nikipiga pasi shuka za bweni ananisomea mashairi ya mapenzi ya Wazungu wa kale, ya mistari kumi na minne, akinitafsiria. Wote wanalilia mwanamke asiyewataka, lakini si kilio kimoja. Mwitaliano anapiga magoti: mwanamke anakufa, yeye bado anamsifu kama malaika. Mwingereza anachoka, anamwambia ngoja uzeeke, utanikumbuka. Huyo ndiye niliyempenda, Mungu anisamehe.

"Na mwanamke anajibu nini?" nikauliza.

"Matroni! Nani alimwuliza?"

"Na kama anayependa ni mwanamke?"

Akanitazama sana. "Yuko mmoja wa Italia. Aliandika wazi kwamba anaungua, hakuona haya."

"Alimpata huyo bwana?"

"Wapi!"

"Basi afadhali mimi na chai yangu."

Juzi Wachira akaja jikoni, kofia mkononi. Ati amechumbia msichana wa Kutus. Hapa watu wakipeleka mahari, wanawake wa upande wa mwanamume husimama nje ya geti la kwao msichana wakiimba wafunguliwe, na wa ndani huwajibu kwa wimbo wa kukataa, mpaka wachoke wafungue.

"Wewe ni kama dada yangu," akasema. "Njoo utuongozee wimbo getini. Kwa sauti yako hatutakaa nje."

Kama dada! Hao washairi walinyimwa, lakini hakuna aliyetumwa kumbishia mwingine hodi. Nikasema ndiyo, Nekesa. Na chai nikamwekea.

Ni mwisho wa mwezi huu. Niende, ama niseme koo linauma? Kudanganya ni dhambi, lakini kuimba nako kutakuwa uongo.

Nisalimie mama, shemeji, na kaka yetu mkubwa anayesema kila Krismasi ati mimi nilichagua sana.

Tafadhali nijibu upesi.

Mdogo wako,
Nafula