Mgeni Aliyeshona Pazia Letu

Nyumbani, 3 Novemba

Mdogo wangu Judit,

Hujambo? Mumeo Sixten hajambo? Mimi mzima, ila magoti yananisumbua na baridi hii. Simu zangu hupokei, basi naandika.

Sinagogi tumebaki ishirini na tatu, wengi tunaingia tumeshikwa mkono. Lakini tumepata mgeni! Anaitwa Zinaida, fundi cherehani kutoka Kherson, vita vimemleta huku. Sabato ya kwanza alisimama nje mvuani robo saa nzima, anaogopa kubisha. Mimi bado ndiye nikaaye mlangoni kupokea watu, nikamwambia, “Ingia bwana, mlango huu haung’ati.” Akacheka mpaka machozi yakamtoka.

Nimemkalisha ubavuni mwangu, pale ulipokuwa ukikaa wewe. Sasa analishona upya pazia la sanduku la Torati, lile ambalo marehemu Baba alisema limeshakufa. Nimemwambia yeye ni wetu.

Niandikie, japo mistari miwili.

Dada yako,
Selma

Malmö, 20 Novemba

Dada Selma,

Shikamoo. Sisi wazima. Sixten amestaafu, siku hizi ananifundisha kupika, kama vile mimi ndiye niliyezaliwa jana.

Nimefurahi umepata mwenzio. Ila neno hilo “wetu” lichunge. Sixten naye aliambiwa hivyo mwaka mzima, akajifunza nyimbo zote, akawaoshea vyombo kila Sabato. Kisha akaomba kuingia katika dini, na kikao cha uongozi wa sinagogi kikamkatalia. Unakumbuka, ulikuwepo.

Mdogo wako,
Judit

Nyumbani, 16 Februari

Mdogo wangu,

Natumaini mko salama. Mimi si salama sana, ndiyo maana nimekawia.

Zinaida aliomba uanachama. Karatasi zake zimeonyesha kwamba Myahudi ni babake, mamake hakuwa. Na kwetu uzao hufuata mama, unajua. Angeweza kufundishwa na kupokewa kwa taratibu. Lakini mwenyekiti wetu, Mandel, alimwita mbele yetu sisi wajumbe wa kikao, akamwambia asije kwanza mpaka suala lake litazamwe.

Zinaida akauliza, “Litatazamwa lini?”

“Hatuna rabi wa kuliamua. Pengine miaka miwili, pengine mitatu.”

“Na pazia?”

“Pazia limeshakwisha. Tunashukuru.”

Akanigeukia mimi. Alinitazama. Nami nikainama, nikaangalia viatu vyangu, Judit. Nilipoinua uso, kiti chake kilikuwa kitupu.

Ningefanya nini? Sheria ni sheria.

Dada yako,
Selma

Malmö, 1 Machi

Dada,

Salamu. Unaniuliza ungefanya nini, na mimi nimengoja swali hilo miaka thelathini na moja.

Sikulaumu kwa sheria, hukuitunga wewe. Siku ile ya Sixten nilikuwa nimesimama mlangoni pa kikao, nakuona. Nilijua huwezi kubadili uamuzi. Nilitaka useme tu, “Huyu namfahamu.” Maneno mawili! Na siku ile pia uliangalia viatu.

Mtafute huyo mama. Usiniandikie mpaka umemwona.

Judit

Nyumbani, 9 Aprili

Mdogo wangu Judit,

Natumaini barua hii inawakuta wazima.

Nilianza na kikao. Nilisimama, nimeshika meza, nikasema namfahamu Zinaida na tumemtendea vibaya. Mandel akasema, “Selma, kaa, utaanguka.” Wakapiga kura kama arudi, watano wakakataa, nikabaki mimi mmoja.

Kisha nikaenda kwake. Alikuwa anafunga masanduku, anahamia Poland kwa binamu yake. Alinipa chai, tena akanikorogea sukari mwenyewe. Nikamwomba radhi. Akasema, “Dada Selma, wale wengine sikutarajia kitu kwao. Nilikuwa nakutazama wewe.” Nikamwambia nimeshawasemea. Akauliza, “Lini?” Nikasema, jana. Akanisogezea biskuti.

Ameondoka Jumapili. Mlangoni pa sinagogi sikai tena. Wamemweka mtu mwingine.

Nataka kuja Malmö, Jumanne ya tarehe 22, treni inafika saa nane mchana. Siombi kulala. Naomba nimwambie Sixten, kwa kinywa changu, kile nilichopaswa kukisema wakati ule.

Dada yako,
Selma

Malmö, 15 Aprili

Dada Selma,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma mara mbili, halafu nikamsomea Sixten. Alisikiliza mpaka mwisho, akaenda kuvaa koti.

Njoo Jumanne, nitakupokea stesheni. Tutakula pamoja. Sixten amesema siku hiyo atakuwa kwa kaka yake, atarudi ukishaondoka. Usimwandikie.

Mdogo wako,
Judit